Joy Adamson na Nyuso Zisizo na Majina

Katika darasa letu la sita, shule ya msingi iliyokuwa mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka mto Lwakhakha, palikuwa na nyuso tano za Wazungu ukutani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi ambapo muziki na sanaa vilikuwa bado vinatahiniwa katika shule za msingi, na mwalimu wetu wa muziki alikuwa amezichora nyuso hizo kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi, juu ya karatasi za manila. Alikuwa amenakili kutoka kitabu fulani ambacho sisi hatukuwahi kuruhusiwa kukishika. Wanne kati yao, Bach, Handel, Haydn na Mozart, walikuwa wamevaa nywele za bandia, jambo lililotuchekesha mno. Wa tano, Beethoven, alikuwa na nywele zake mwenyewe, timutimu kama za mtu aliyetoka kulala kichakani.

Chini ya kila uso, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Tulikariri yote. Hadi leo ukiniamsha usiku wa manane nitakuambia bila kusita kwamba Bach na Handel walizaliwa mwaka mmoja, 1685, na kwamba huyo wa pili ndiye aliyetunga Haleluya ambayo kwaya za makanisa yetu, kuanzia Lwakhakha hadi Kitale, huiimba kila Krismasi kana kwamba ilitungwa Chwele.

Siku za soko, kutoka dirishani mwa darasa hilohilo, tulimsikia mzee mmoja akipiga litungu chini ya mti. Nyuzi saba, sauti ya kukwaruza kidogo, na nyimbo ambazo zilikuwa na historia ya vita na ndoa za watu waliozikwa upande wa pili wa mto. Mzee huyo hakuchorwa na mtu. Hakuna aliyetuambia alizaliwa mwaka gani. Wala sisi hatukuuliza, maana tulikuwa tunakariri.

Nimeyakumbuka hayo majuzi nilipokuwa Nairobi, nikapata nafasi ya kuingia katika Makumbusho ya Kitaifa na kusimama mbele ya picha za sura zilizochorwa na Joy Adamson. Naam, ni huyohuyo wa simba. Wanafunzi wangu wengi wa chuo kikuu, nikilitaja jina lake, hujibu kwa neno moja tu: Elsa. Wachache sana ndio wajuao kwamba kabla ya simba kulikuwa na mchoraji, na kabla ya mchoraji kulikuwa na mpiga piano. Maisha ya mwanamke huyo ni ya ajabu, na ninaamini kwamba walimu na wanafunzi wa nchi hii wana haja nayo kuliko watengenezaji wa filamu.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 akaitwa Friederike Victoria Gessner, katika mji uliokuwa ukiitwa Troppau, ndani ya milki ya Austria na Hungaria. Mji huo leo unaitwa Opava na umo katika Jamhuri ya Ucheki. Kwa hiyo alizaliwa katika nchi moja, na alipotimu umri wa miaka minane nchi hiyo ikafa, mji uleule ukawa wa Chekoslovakia, ilhali nyumba ya baba yake haikusogea hata hatua moja. Mtu wa Lwakhakha halimshangazi jambo hilo. Kabla ya mwaka 1902 eneo lote tunaloliita leo magharibi mwa Kenya lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda; kisha wakubwa wakahamisha mpaka, na wazee wetu wakalala Waganda wakaamka watu wa milki nyingine, bila kuvuka mto.

Wazazi wake walipotengana, msichana huyo alikwenda kuishi na nyanya yake jijini Vienna. Hapa nitamwomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa Vienna si mji wa kutajwa na kupitwa. Ni mji ambamo Haydn, Mozart na Beethoven walifanya kazi na kufia. Schubert alizaliwa humo mwaka 1797 na akafa humo mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 31 tu. Na pamoja na kuwa mji wa muziki, ulikuwa pia mji wa watu waliowachora wanamuziki. Beethoven alipokuwa akitembea barabarani, mikono nyuma na kofia imeegemea kisogoni, wapo wasanii waliomtazama na kumweka kwenye karatasi kwa mistari michache. Baadaye Otto Böhler alikata na kuchora vivuli vyeusi vya Brahms na Bruckner, vivuli tupu visivyo na macho wala pua, na bado kila mkazi wa mji aliweza kumtambua mwenyewe kwa tumbo na mwendo wake.

Lakini mimi anayenigusa zaidi ni Moritz von Schwind. Huyu alikuwa rafiki wa Schubert katika ujana wao. Miaka 40 baada ya Schubert kufa, yaani mwaka 1868, Schwind akiwa mzee aliketi akachora kutoka kumbukumbuni jioni moja nyumbani kwa rafiki yao Spaun: Schubert yuko kwenye piano, kando yake mwimbaji Vogl, na chumba kizima kimejaa marafiki, wake kwa waume, wengine wakisikiliza na wengine, kama ilivyo desturi ya hadhira popote duniani, wakifikiria mambo yao. La muhimu ni hili: karibu kila uso katika mchoro huo unajulikana ni wa nani. Schwind hakuchora hadhira ya Waustria. Alichora watu aliowajua.

Kuchora sura kwa kalamu na wino ni kazi isiyo na msamaha. Penseli hufutika, rangi ya mafuta hufunikwa kwa rangi nyingine, wino ukishagusa karatasi umekwisha kusema. Kivuli cha shavu hujengwa kwa mistari myembamba iliyokaribiana, mmoja baada ya mwingine, na ukikosea mmoja itakubidi ama uupe kazi nyingine ama uanze upya. Kwa hiyo mchoraji hulazimika kumtazama mtu kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu. Mwalimu wetu wa Lwakhakha aliniambia siku moja kwamba alimtazama Beethoven kwa wiki nzima kabla ya kuchovya kalamu. Wakati ule nilidhani anajigamba.

Katika mji huo wa piano na picha, msichana Friederike alisoma piano na kufuzu. Alitamani kuwa mpiga piano wa kumbi kubwa, mtu wa kutazamwa na watu elfu wakiwa kimya. Kilichomzuia ni mikono yake. Ilikuwa midogo. Muziki wa piano wa karne ya 19 ulitungwa na wanaume wenye vidole virefu, nao unadai mkono upanuke kupita kiasi. Mkono mdogo hauwezi kudanganya. Alijaribu mambo mengi baada ya hapo, yakiwemo uchongaji na masomo ya kujiandaa kwa udaktari. Aliyesoma maisha yake ataona kwamba tabia ya kuanza kitu kwa moto na kukiacha kwa ghafla haikumwondoka, na waume zake watatu wangeweza kutoa ushahidi.

Mume wa kwanza, Viktor von Klarwill, alimwoa mwaka 1935. Alikuwa Myahudi, na upepo uliokuwa ukivuma kutoka Ujerumani ulimfanya atafute pa kukimbilia. Mwaka 1937 akamtanguliza mkewe Kenya akaangalie kama nchi yakalika. Melini mke huyo akakutana na Peter Bally, Mswisi, mtaalamu wa mimea. Mwaka uliofuata alikuwa mke wa Bally, na jina lake lilikuwa Joy, alilopewa na mume huyo wa pili. Sitamhukumu. Ila nimetaja habari ya jina kwa sababu itatufaa mbele: mwanamke huyu alijua kwa nafsi yake maana ya kupewa jina na mtu mwingine.

Bally alifanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, wakati huo yakiitwa Coryndon, na alisafiri kutafuta mimea. Joy alifuatana naye, akaanza kuchora maua aliyoyakusanya. Ndipo mikono ile midogo ilipopata kazi iliyowafaa. Picha zake zilitumiwa katika vitabu vya mimea na bustani za Afrika Mashariki, na mwaka 1947 chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza kikamtunza nishani ya dhahabu ya Grenfell. Ukiziangalia picha hizo utaona nidhamu ya mtu aliyefunzwa kupiga ala: kila stameni mahali pake, kila mshipa wa jani umehesabiwa. Na chini ya kila ua, jina. Tena si jina tu, bali jina la jenasi na la spishi, kwa Kilatini, kama sayansi inavyodai. Mimea mingine ilipewa hata jina la mumewe. Upo mshubiri wa kwetu hapa Kenya uitwao Aloe ballyi.

Ndoa hiyo nayo ilivunjika. Mwaka 1944 Joy aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa wilaya za mpaka wa kaskazini, mtu mkimya mwenye ndevu na kiko, aliyezaliwa India mwaka 1906. Kutokana na safari za kaskazini, Joy alianza kuwachora watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikampa kazi rasmi: azunguke nchi, awachore watu wa makabila zaidi ya ishirini wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla mavazi hayo hayajatoweka. Kazi hiyo ilimchukua miaka hadi katikati ya miaka ya 1950, naye akachora sura zaidi ya mia tano, nyingi kwa rangi za maji. Mwaka 1967 alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo, akakiita kwa Kiingereza jina ambalo maana yake ni watu wa Kenya.

Sasa tufike penye mwiba.

Serikali ile iliyotaka mavazi yetu yahifadhiwe ilikuwa serikali ipi? Tarehe 10 Februari 1948, pale Malakisi, mji usio mbali na kwetu Lwakhakha, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa. Watu 11 walikufa. Elijah Masinde, kiongozi wa dini hiyo, alikamatwa mwaka huohuo na kuzuiliwa mbali na nyumbani, huko pwani. Kosa lake lilikuwa gani? Pamoja na kuwaambia watu wawafukuze Wazungu, jambo ambalo hakuna serikali ya kikoloni ingelicheka, aliwaambia Wabukusu warudi kwenye desturi za babu zao. Basi tazama. Mtu wa kwetu anayesema desturi za babu zirudi anafungwa. Muda si muda anatumwa mchoraji, kwa fedha za serikali, akazichore desturi hizo zisipotee. Desturi ikiwa hai inapigwa marufuku. Ikiwa kwenye karatasi inawekewa fremu. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa nchini, na maelfu ya watu wakatiwa vizuizini, lakini kazi ya kuchora makabila iliendelea.

Simtwiki Joy Adamson mzigo wa Malakisi. Hakushika bunduki, wala sidhani kwamba wachoraji huulizwa sera. Ninachosema ni kwamba picha hizo zina baba wawili: jicho la mchoraji, ambalo lilikuwa la kweli, na orodha ya serikali, ambayo ilikuwa orodha ya makabila. Na ni ile orodha iliyoandika maelezo chini ya picha. Nilipita ukumbini Nairobi nikisoma maelezo hayo kimojakimoja. Aghalabu anatajwa mzee wa kabila hili, mganga wa kabila lile, bi harusi, mcheza ngoma, kijana aliyetoka jandoni. Mzee nani? Bi harusi wa nani? Uso upo, kila mkunjo wa paji la uso umehesabiwa kama mishipa ya jani, lakini jina aghalabu ni la kabila. Kwa maneno mengine, mtu ameandikiwa jenasi na spishi.

Kama mwanaisimu, naomba niongeze jambo hapa, maana majina ya makabila ndiyo kazi yangu ya kila siku. Jina Waluhya, kama jina la watu wote wanaoitwa hivyo sasa, halikuanza kuenea ila katika miaka ya 1930 na 1940. Miaka michache tu kabla ya Joy kushika brashi, wasomi na wamishonari walikuwa bado wanabishana namna ya kuandika lugha moja ya Kiluhya itakayokubalika na wote, na hawakufaulu. Mbukusu wa upande wetu wa mto Lwakhakha na Mmasaaba wa upande wa Uganda wanaelewana, wanaoana, wanatahiri vijana wao katika mwaka wenye tarakimu shufwa, wote wakihesabu asili yao kwenye mlima mmoja. Lakini kwa orodha ya serikali, mmoja ni wa Kenya na anastahili kuchorwa, mwingine ni wa nchi nyingine. Mto wenyewe, kiangazi, mtoto wa miaka kumi huuvuka bila kulowesha kaptura. Kwa hiyo kumwita mtu kwa kabila lake chini ya picha si kueleza jambo la asili kama rangi ya ua. Ni kunakili karatasi ya ofisini.

Niliyasema haya mbele ya darasa langu mwaka mmoja, tena kwa ukali kuliko nilivyoyaandika hapa. Mwanafunzi mmoja wa kike, kutoka upande wa Trans-Nzoia, alisimama akaniuliza swali ambalo sijalisahau. Aliuliza kama mimi, daktari wa isimu, ninaweza kumwonyesha ni wapi pengine angeweza kuona namna nyanya wa nyanya yake alivyovaa. Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Picha za kamera za enzi ile zipo, lakini nyingi ni nyeusi na nyeupe, na zilipigwa kwa haraka. Shanga nyekundu na shanga ya samawati katika picha hiyo ni kitu kimoja. Joy alichora shanga kwa rangi yake, ngozi kwa mshono wake, sikio lililotobolewa kwa uzito wa pambo lake. Mara nyingi mavazi hayo yalikuwa yamekwisha kukunjwa na kuwekwa, na wazee walilazimika kuyatoa ili wavae mbele yake. Mtafiti wa leo wa mapambo ya Afrika Mashariki hawezi kuandika sura moja bila kumtazama Joy Adamson. Laiti asingepita, yule mwanafunzi angebaki na swali lake mikononi.

Tena kuna jambo jingine ambalo picha zenyewe zinaliambia jicho. Watu hao hawatazami kama vielelezo. Wapo wanaotazama kwa dharau, wapo waliochoka, yupo mmoja, mwanamke, ambaye naapa alikuwa karibu kucheka. Mchoraji asiyemwona mtu hawezi kuchora kicheko kilichozuiwa. Nadhani piano ilimfunza hilo: kusikiliza pumzi kabla ya noti. Alimwona. Ila hakumwandika.

Mwaka 1956 maisha yake yaligeuka, na hapo nitapita haraka, kwa kuwa kila msomaji anapajua. George alimpiga risasi simba jike, akakuta ana watoto watatu. Wakubwa wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo akabaki, akaitwa Elsa, akalelewa na hatimaye akarudishwa porini. Kitabu cha Elsa kilitoka mwaka 1960 na kuenea dunia nzima. Filamu ikafuata mwaka 1966. Elsa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi ya kupe, Januari 1961, akazikwa Meru. Watoto wake waliitwa Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Baadaye akaja duma aliyeitwa Pippa, na mwishowe chui aliyeitwa Penny.

Majina hayo sikuyaandika ili kujaza ukurasa. Wayajua, msomaji? Ukiyajua, na walimu wengi wanayajua, basi jiulize ni mtu gani mmoja kati ya wale zaidi ya mia tano unayeweza kumtaja. Mimi mwenyewe, niliyekwenda kuwatazama kwa makusudi, sikutoka na jina hata moja kichwani.

Fedha za vitabu alizielekeza katika kuhifadhi wanyamapori, na katika hilo nchi hii inamwia deni. Nyumba yake kando ya ziwa Naivasha, Elsamere, ingali inapokea wageni na wanafunzi. Kuishi naye, wasemavyo waliokuwa karibu naye, kulikuwa kugumu. Alikuwa mkali kwa waliomfanyia kazi, mwenye kuajiri na kufukuza upesi, na yeye na George kwa miaka mingi waliishi mbalimbali, kila mmoja na wanyama wake.

Mwaka 1969 gari alimokuwa lilipata ajali, na mkono wake wa kulia ukaharibika vibaya. Alipasuliwa mara kadhaa, lakini mkono haukurudi ulivyokuwa. Piano haikupigika tena kama zamani, na brashi ikawa shida kuishika. Nimewahi kujaribu kuwazia hali hiyo. Mtu amezaliwa na mikono midogo mno kwa ukumbi wa tamasha, akaitafutia kazi, ikachora maua na nyuso za nchi nzima, kisha katika umri wa miaka 59 mmoja wa mikono hiyo ukamtoka akiwa bado hai. Katika kitabu cha maisha yake alichokichapisha mwaka 1978 aliyaandika mengi, lakini mimi nionavyo hapo ndipo maisha yake yalipovunjika, si pale kifo kilipomkuta.

Kifo kilimkuta tarehe 3 Januari 1980, jioni, katika mbuga ya Shaba, zilipobaki siku chache atimize miaka 70. Kwanza ilitangazwa kuwa ameuawa na simba, na ulimwengu ulikuwa tayari kuiamini habari hiyo kwa jinsi ilivyokaa kama hadithi. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba jeraha lilikuwa la silaha yenye makali. Mwaka 1981 kijana mmoja aliyewahi kumfanyia kazi alitiwa hatiani kwa mauaji hayo. Hakunyongwa kwa kuwa ilishindikana kuthibitisha kwamba alikuwa ametimiza miaka 18. Hata umri wake, kama ule wa mpiga litungu wetu, haukuwa umeandikwa popote. Majivu ya Joy yalimwagwa Meru, juu ya makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majangili huko Kora mwaka 1989.

Wapo watakaosema kwamba ninamdai marehemu deni la enzi nyingine. Huenda. Lakini mwalimu wetu wa Lwakhakha hakuwa mkoloni. Alikuwa Mbukusu, mtoto wa mtu aliyepiga siilili, na alichora nyuso tano za Vienna, London na Leipzig kwa wino, akaziandikia majina na miaka, huku litungu likilia chini ya mti. Naye alikuwa na sababu: mitihani iliuliza Handel, na katika tamasha za muziki za shule, ambazo mizizi yake ni ya mwaka 1927, waamuzi walikuwa na karatasi za kuhukumu namna Handel alivyoimbwa. Siku hizi tamasha hizo zina vitengo vingi vya nyimbo za kiasili, na vijana wa Bungoma hushinda kwa kamabeka na litungu. Cheti wanachopewa kimeandikwa jina la shule, na wimbo umeandikwa kuwa wa jamii ya Wabukusu. Aliyewafundisha wimbo huo kijijini, mzee au bibi, hatajwi. Ni yaleyale ya ukumbini Nairobi, ila sasa tunayafanya wenyewe na hakuna gavana wa kulaumu.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Yule mzee wa chini ya mti alikufa zamani, na mti umekatwa pakajengwa ghala la simenti. Ila yupo mwingine, makamo yangu au zaidi kidogo, apigaye litungu karibu na daraja la mpakani, ambako madereva wa malori husubiri kugongewa mihuri. Nilinunua kalamu, wino na karatasi mjini Bungoma, nikamwomba nimchore. Akaniuliza nitamlipa kiasi gani, tukaelewana. Nilimtazama kwa siku mbili kabla ya kuchovya kalamu, nikagundua kwamba mwalimu wangu hakuwa anajigamba. Mchoro haukutoka vizuri: mikono ilinishinda, hasa ule unaokwanyua nyuzi, na litungu lenyewe nililipa nyuzi sita nikalazimika kubana ya saba pembeni. Aliucheka sana. Kisha akauliza nitaandika nini chini yake. Nikamwambia jina lake. Akanitajia, akataja la baba yake, la ukoo wake na la rika la tohara yake, akangoja hadi nilipomaliza kuandika yote, akanisahihisha herufi moja. Jina hilo silitaji hapa. Nilipomwambia kwamba huenda nikamwandika gazetini, alinijibu kwamba jina alinipa mimi, hakulipa gazeti. Kama wahariri wanalitaka, daraja wanalijua.